UZI: Afueni ya ushuru kwa utafiti. Nani anaandika, nani anasoma, nani analipa?

1/ Kila msimu wa bajeti mjadala huu hurudi: "Kampuni zinazovumbua zipunguziwe ushuru." Upande mmoja unapiga makofi, upande wa pili unasema hiyo ni njia nyingine ya kula. Wanabishana wiki nzima na hakuna anayeuliza hiyo afueni hutolewa kwa msingi gani hasa.

2/ Hutolewa kwa msingi wa karatasi. Mtu anaketi, anaandika maelezo ya utafiti uliofanyika, na serikali inaachilia pesa kwa kuyasadiki. Mimi ni mmoja wa hao waandishi. Niko Nairobi, lakini ripoti ninazoandika ni za kampuni za Uingereza. Sitataja mwanasiasa wala chama. Nitasimulia tu historia ya hii kitu, halafu mkiisikia tena jukwaani mjue la kuuliza.

3/ Kwanza tuelewane. Kampuni hulipa ushuru kwa faida, yaani mapato ukitoa gharama. Umemlipa mhandisi mshahara, hiyo ni gharama, inatolewa. Hadi hapo hakuna upendeleo. Afueni ya utafiti inaenda mbele zaidi: umetumia 100 kwa utafiti, sheria inakuruhusu uhesabu kama umetumia 150, au 200, au hata zaidi. Faida inaonekana ndogo na ushuru unapungua.

4/ Na kama kampuni imepata hasara, haina ushuru wa kupunguziwa? Nchi kadhaa humlipa mwenye kampuni pesa taslimu. Hapo si ushuru uliopunguzwa tena. Ni hundi kutoka Hazina.

5/ Ndiyo maana wachumi huyahesabu haya kama matumizi ya serikali. Tofauti ni moja: barabara ikijengwa, Bunge hupitisha fungu lake kila mwaka. Afueni ikishaingia kwenye sheria, inaendelea kulipwa bila kupigiwa kura tena, na hakuna ajuaye itagharimu kiasi gani mpaka madai yafike.

6/ Tuanze Marekani, 1981. Uchumi umeyumba, Wajapani wanawapita kwenye magari na vifaa vya umeme. Bunge lao likaweka punguzo la ushuru la asilimia 25 kwa utafiti, lakini kwa ile sehemu iliyozidi wastani wa miaka iliyotangulia tu. Wazo lilikuwa zuri: tusimlipe mtu kwa kazi ambayo angeifanya hata hivyo.

7/ Shida ikawa neno "utafiti". Kampuni zikalivuta likafika kila mahali, karibu kila gharama ya kutengeneza bidhaa ikaitwa utafiti. 1986 Bunge likakaza: punguzo likashuka hadi asilimia 20, na kazi ikatakiwa iwe ya kiteknolojia na iwe na majaribio ya kweli. Hata hivyo punguzo lenyewe liliendelea kuwa la muda, likiisha na kuongezwa tena na tena, hadi Desemba 2015 lilipofanywa la kudumu.

8/ Canada nao. 1983 walianzisha mpango ambao kampuni iliweza kumuuzia mwekezaji haki yake ya punguzo la utafiti, na kuiuza KABLA ya kufanya utafiti wenyewe. Mnajua kilichofuata. Karatasi zikauzwa, pesa zikagawanywa, na utafiti mwingine haukuonekana hadi leo. Mpango ulisimamishwa 1984 na kufungwa 1985, baada ya kumeza pesa nyingi kupita kadirio la mwanzo.

9/ Canada wakajifunza. Mfumo wao uliofuata ukaweka maswali matatu: Je, kuna hatua mpya ya kisayansi au kiteknolojia? Je, kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyejua jibu lake? Je, kazi ilifanywa kwa utaratibu, na watu wenye ujuzi? Haya maswali, kwa maneno tofauti kidogo, ndiyo ninayoyajibu mimi kila siku.

10/ Sasa Uingereza. Afueni ya kampuni ndogo ilianza mwaka 2000, ya kampuni kubwa 2002. Mwanzoni kampuni ndogo ilihesabu 150 kwa kila 100 iliyotumia. Kisha kiwango kikapanda: 175 mwaka 2008, 200 mwaka 2011, 225 mwaka 2012, 230 mwaka 2015. Serikali zilibadilika, mawaziri wa fedha wakabadilika, lakini mshale ulielekea juu tu. Nani angesimama bungeni kupinga uvumbuzi?

11/ Piga hesabu ya 2015. Kampuni ndogo yenye hasara imetumia pauni 100,000 kwa utafiti. Inahesabiwa 230,000. Inarudishiwa asilimia 14.5 ya hizo, yaani pauni 33,350 taslimu. Theluthi moja ya gharama, kutoka kwa mlipa ushuru.

12/ Wakati kiwango kinapanda, ua nao ulikuwa unang'olewa. Mwanzoni kulikuwa na kikomo: kampuni haingerudishiwa taslimu kuzidi ushuru wa mishahara iliyolipa kwa wafanyakazi wake. Kilikuwa kinga rahisi sana dhidi ya kampuni hewa, maanake kampuni hewa haina wafanyakazi. 2012 kikomo kikaondolewa kwa sababu eti kinasumbua wafanyabiashara. 2018 serikali ikasema imezuia majaribio ya ulaghai ya zaidi ya pauni milioni 300. Mwaka 2021 kikomo kikarudishwa, kwa sura nyingine. Miaka tisa.

13/ Tuje kwa kazi yenyewe. Mwongozo wa Uingereza unasema utafiti ni mradi unaotafuta hatua mpya katika sayansi au teknolojia kwa kutatua fumbo ambalo mtaalamu mwenye ujuzi wa kutosha katika fani hiyo hawezi kulitatua kirahisi. Soma tena. Kipimo si kama wewe ulijua. Kipimo ni kama fani ilijua.

14/ Kwa hivyo napanga simu na mhandisi au mtu wa programu aliyefanya mradi. Maswali ni yale yale. Mlipoanza, wengine walikuwa wamefika wapi? Ni nini hamkujua, na kwa nini hakuna kitabu wala mtaalamu angewapa jibu? Mlijaribu nini? Nini kilikataa? Mwishowe mlijua nini ambacho hamkujua mwanzoni?

15/ Wahandisi wazuri ni wagumu kuhoji. Anakwambia "tulijaribu jaribu tu ikafanya kazi". Mtu aliyetupa miundo minne kabla ya kupata wa tano atakuonyesha wa tano peke yake, kwa sababu kwake ile minne ni aibu. Kwangu ile minne ndiyo dai. Bila kitu kilichokataa, ushahidi wa kwamba kulikuwa na fumbo utatoka wapi?

16/ Mtu wa mauzo ni kinyume chake. Kwake kila kitu ni cha kwanza duniani. Namuuliza nini hakikujulikana, ananiambia "hatukujua kama wateja watanunua". Hilo ni fumbo la biashara, halihesabiki. Kuhamishia duka lako mtandaoni kwa programu zilizoko tayari ni kazi, inaweza kukutoa jasho na kukumalizia pesa, lakini kwa sheria hii si utafiti.

17/ Chukua mfano wa kufikirika, wa kwetu. Kampuni ya kupoza maziwa kule Nyandarua. Ikinunua mashine ya sola ya kupozea na kuifunga, hakuna utafiti hapo. Ikijaribu kuunda tangi la kuhifadhi baridi usiku kucha bila betri, ikapima michanganyiko mitatu ya chumvi, miwili ikapasua mabomba na wa tatu ukashika, hapo kuna kitu.

18/ Sasa angalia: kwenye ripoti, tofauti ya hizo kampuni mbili ni aya chache. Kwenye hundi, ni mamilioni. Mwandishi mwenye kalamu nzuri anaweza kuichukua kampuni ya kwanza akaivalisha nguo za ya pili, na msomaji asiye mhandisi asigundue. Hatari yote ya afueni hii imekaa hapo.

19/ Halafu kuna suala la muda. Mhandisi alitumia sehemu gani ya mwaka kwa utafiti? Kampuni chache huandika saa. Kwa hivyo anaulizwa akadirie, pengine mwaka mzima baadaye, kwa sababu sheria inaruhusu kudai hadi miaka miwili baada ya mwaka wa hesabu kuisha. Ukiona kila mtu kwenye orodha ana asilimia 80, pamoja na dada wa mapokezi, jua hesabu ilianzia mwisho ikarudi mwanzo. Faili kama hiyo mimi huirudisha na maswali.

20/ Nani hulipa waandishi? Kwa kawaida kampuni za ushauri. Na nyingi zao hulipwa kwa asilimia ya pesa zitakazorudi. Dai likiwa kubwa, ada ni kubwa. Dai likiwa sifuri, ada ni sifuri. Mpe mtu yeyote mkataba wa namna hiyo kisha umwambie awe mkali na ukweli, uone.

21/ Zikaanza kupiga simu kila mahali: "Unajua serikali ina pesa zako?" Ilifika mahali mamlaka ya ushuru ya Uingereza, HMRC, ikatoa tahadhari juu ya madai kutoka nyumba za kutunza wazee, watunza watoto, wakufunzi wa mazoezi, baa na mikahawa. Sisemi baa haiwezi kuvumbua. Nasema ukiona baa nyingi zinavumbua teknolojia mwaka mmoja, muulize aliyeandika.

22/ Na upande wa msomaji? Hapa ndipo wengi hushangaa. Kwa zaidi ya miaka 20, sheria ya Uingereza haikumlazimisha mdai kuwasilisha ripoti ya kiufundi. Ilitosha kujaza tarakimu kwenye fomu ya ushuru. Waliokuwa makini waliambatisha ripoti, wengine hawakuambatisha chochote. Lengo la HMRC lilikuwa kulipa madai mengi ndani ya siku 28. Lipa kwanza, uliza baadaye.

23/ Madai yalipita 80,000 kwa mwaka. Kwa miaka kadhaa HMRC ilikadiria kwamba makosa na ulaghai ni sehemu ndogo, chini ya asilimia 5. Kisha wakafanya jambo ambalo wangelifanya zamani: wakachagua madai kwa bahati nasibu, wakayafungua moja moja wakayasoma.

24/ Matokeo yalitoka Julai 2023. Kwa mwaka wa 2020-21, makosa na ulaghai vilikadiriwa kuwa asilimia 16.7 ya pesa zote, pauni bilioni 1.13. Kwenye mpango wa kampuni ndogo, asilimia 24.4. Karibu robo. Pesa hazikuanza kupotea siku hiyo. Siku hiyo ndiyo mtu alisoma.

25/ Lakini wacha niwe mwadilifu, maanake najua wengine tayari mmesema "si tulisema ni wizi". Makosa si lazima yawe wizi. Mengi ni watu waliodhani "kipya kwangu" ni sawa na "kipya kwa fani". Na afueni yenyewe ina kazi inayofanya: tathmini za HMRC zilionyesha kwa kampuni kubwa kila pauni 1 ya afueni ilileta zaidi ya pauni 2 za utafiti. Kwa kampuni ndogo ilikuwa karibu pauni 1 tu.

26/ Kitu kingine. Kwa muda mrefu utafiti uliodaiwa HMRC ulikuwa mkubwa kuliko utafiti uliohesabiwa na idara ya takwimu ya Uingereza, tena kwa mabilioni mengi. Watu wakasema tofauti yote ni uongo. 2022 idara ya takwimu ikapandisha makadirio yake, ikieleza kuwa haikuwa imezihesabu vya kutosha kampuni ndogo. Kwa hivyo pande zote mbili za ubishi zilikuwa na sehemu ya ukweli.

27/ Dawa ikaja, na ilikuwa chungu. Aprili 2023 kiwango cha kampuni ndogo kikashuka kutoka 230 hadi 186, na malipo ya taslimu kutoka asilimia 14.5 hadi 10. Zile pauni 33,350 zikawa 18,600. Agosti 8, 2023 maelezo ya miradi yakawa lazima, pamoja na jina la afisa wa kampuni anayehusika na jina la wakala aliyesaidia. Aprili 2024 malipo yakaelekezwa kwa kampuni yenyewe, yasipitie akaunti ya wakala isipokuwa kwa sababu chache. Mwezi huo huo mipango ya kampuni kubwa na ndogo ikaunganishwa.

28/ Kufikia 2023-24 madai yalikuwa yameshuka chini ya 50,000. Je, waliotoka wote walikuwa matapeli? La. Kampuni changa zenye utafiti wa kweli zilipokea barua za maswali zilizofanana neno kwa neno, kutoka kwa maafisa ambao baadhi hawakuwa na ujuzi wa fani husika. Nimekaa kwenye simu na watu waliojenga kitu kwa miaka mitatu, wanaulizwa wathibitishe kwa aya moja kwamba hakikuwa rahisi.

29/ Wengine walienda mahakama ya ushuru. 2024, kampuni iitwayo Get Onbord, iliyounda mfumo wa akili bandia wa kuthibitisha wateja, ilishinda. Lakini uamuzi ulipotoka kampuni ilikuwa tayari iko kwenye ufilisi. Hii ndiyo gharama isiyotajwa kwenye mjadala: mlango ukiachwa wazi miaka 20, siku ya kuufunga unambana hata aliyekuja kwa haki.

30/ Sasa turudi nyumbani. Mtu atasema hayo ni ya Wazungu. Hapana, Kenya tumeshalipa pesa kwa karatasi. Tulikuwa na sheria ya kufidia wauza bidhaa nje tangu 1974, nia yake ilikuwa kukuza viwanda. Mwanzoni mwa miaka ya 90, kampuni moja ililipwa fidia ya asilimia 35, yaani 20 ya sheria na 15 ya nyongeza, kwa dhahabu na almasi iliyosemekana kuuzwa nje. Almasi, kutoka Kenya. Hiyo ni Goldenberg. Tume ya uchunguzi iliundwa 2003 na ripoti ikatoka 2006.

31/ Goldenberg haikuwa afueni ya utafiti, lakini mtambo ni ule ule: nia nzuri kwenye sheria, mdai anajaza fomu, na anayepaswa kusoma fomu hasomi, au ameambiwa asisome. Tofauti na Uingereza ni kwamba huko wengi walipita kwa uzembe wa mfumo. Hapa mfumo wenyewe uliinamishwa.

32/ Tuna nini leo? Sheria yetu ya Ushuru wa Mapato kwa miaka mingi imeruhusu kampuni kutoa gharama za utafiti wa kisayansi, lakini kama zilivyo: ukitumia 100 unatoa 100. Na Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya 2013 iliunda hazina ya kitaifa ya utafiti na kuandika kwamba itengewe asilimia 2 ya pato la taifa. Kiwango hicho hatujawahi kukikaribia.

33/ Kwa hivyo mtu akija jukwaani na ahadi ya afueni kubwa ya utafiti, mjue anachagua kati ya njia mbili. Ruzuku: unaomba kwanza, wataalamu wanakusoma, ndipo upewe. Afueni: unafanya kwanza, unadai baadaye, na kusomwa ni bahati. Ruzuku ni polepole na inaweza kupewa marafiki. Afueni ni ya haraka, haibagui, na inaweza kupewa hadithi. Zote zina nafasi yake, lakini asituambie haina gharama.

34/ Na Katiba imetupa silaha ambayo hatuitumii. Kifungu cha 210(2): sheria ikiruhusu msamaha wa ushuru, lazima rekodi ya umma ya kila msamaha iwekwe pamoja na sababu yake, na kila msamaha uripotiwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Haijasema "jumla". Imesema kila msamaha. Hazina ya Kitaifa hutoa ripoti ya ushuru iliouachilia, lakini jumla ya mabilioni haikwambii nani alipata na aliandika nini.

35/ Basi maswali yangu matano kwa yeyote anayeahidi au kupinga afueni hii:
Neno "utafiti" limefafanuliwa vipi, na ni kipya kwa nani?
Nani atasoma madai, na ana ujuzi wa fani hiyo?
Wangapi watakaguliwa kwa bahati nasibu kila mwaka, kuanzia mwaka wa KWANZA?
Mwandishi na wakala watajwe majina? Walipwe kwa asilimia?
Orodha ya waliopata itachapishwa wapi?

36/ Akijibu yote matano, mpigie makofi hata kama si wa upande wako. Akikwepa, hata kama ni wa upande wako, jua unaombwa usaini hundi ambayo hujaona imeandikiwa nani.

37/ Mimi nitaendelea kuuliza wahandisi ni nini kilikataa. Nyinyi waulizeni wanasiasa nani atasoma. Mwisho wa uzi. Sambaza kwa yule rafiki yako anayebishana kila Juni, na kama umefanya kazi upande wa ukaguzi, karibu chini hapo utuongezee.